Simu Mbili Zilizosalimiana na Bakuli Lililorudi Tupu

Enyi watu wa Mwanga mlioinamia vyerehani, inueni vichwa vyenu! Enyi wa Ujiji, wa Bangwe, wa Katonga na wa Kibirizi, nanyi wa Ilagala mnaokaa pale ambapo Malagarasi hukoma kuwa mto, sogeeni karibu, mketi, mnyamaze. Mwenye redio aizime. Mwenye maharage jikoni apunguze moto, maana habari niletayo ni ndefu na nzito, na mimi si mtu wa kurudiarudia. Atakayechelewa asije akaniuliza baadaye ilianzaje, kwa kuwa watu wa namna hiyo ndio waliosababisha haya yote.

Mnajua nyote kwamba pale Ujiji limesimamishwa jiwe, na watu hutoka mbali kuja kulipiga picha, kwa sababu hapo zamani wageni wawili walikutana wakasalimiana. Sina ugomvi na jiwe. Lakini nauliza, na nauliza kwa uchungu: ikiwa salamu moja ya watu wawili imepata jiwe, salamu nitakazozisimulia mimi zimepata nini? Hazijapata hata kibao cha mbao. Ndiyo maana nimeshika kalamu nikiwa na hasira kidogo.

Basi palikuwapo, na pangalipo, kampuni ya kusafirisha mizigo ziwani, ofisi yake karibu na bandari ya Kigoma na ghala lake ng'ambo ya uwanja. Mimi ni karani wa hati za mizigo hapo, meza yangu i dirishani, na niyasemayo niliyaona kwa macho haya mawili. Na katika ofisi hiyo, chini kabisa ya kiyoyozi, aliketi Elikana mwana wa Nehemia, Mshika Simu ya Ofisi, Ngao ya Dawati la Mbele, Bingwa wa Kujibu Yaliyokwisha Kujibiwa.

Kazi yake ilikuwa moja tu kwa kuitaja, nayo ni kujibu maswali katika kundi la WhatsApp la wafanyakazi, lililoitwa OFISI NA GHALA. Lakini ole wake! Maswali hayo hayakuwa maswali bali jeshi, tena jeshi la askari walewale, wanaouawa asubuhi na kufufuka mchana. "Ufunguo wa stoo uko wapi?" Ufunguo wa stoo uko msumarini nyuma ya mlango, ulipotundikwa siku ofisi ilipofunguliwa, na haujawahi kulala kwingine. "Boti ya Ilagala inaondoka saa ngapi?" Saa ya kuondoka boti imepakwa rangi ukutani kwa herufi kubwa, na muulizaji huwa ameegemea ukuta huohuo. "Nenosiri la intaneti ni lipi?" "Gari la wafanyakazi limefika wapi?" Akijibu huyu, anauliza yule, akijibiwa yule, huyu amesahau. Maana kupandisha ujumbe juu na kusoma jibu la dakika iliyopita ni kazi ambayo watu wa ofisi yetu waliikataa kwa kauli moja, na mimi sitawataja mmoja mmoja.

Haya yote Elikana aliyavumilia kwa moyo wa chuma. Jeraha lake lilikuwa mahali pengine, nalo lilikuwa bakuli.

Kila mchana mkewe Yunisi humpelekea chakula kwa bodaboda: ugali wa muhogo na migebuka iliyopikwa kwa mawese, katika bakuli la bati lililofungwa kwa kitambaa. Chakula hicho hufika kikifuka moshi. Nanyi mnajua tabia ya mawese: yakiwa ya moto ni mchuzi, yakipoa yanageuka mshumaa. Elikana hufungua kitambaa, hunawa, humega tonge la kwanza, na hapo simu hulia, mtu anauliza ufunguo. Hunawa, hujibu, hurudi. Hapo mtu mwingine anauliza boti. Na kiyoyozi, ambacho Mama Verediana, meneja wetu, alikataza kisizimwe kwa ajili ya heshima ya wageni, humpulizia bakuli kutoka juu bila huruma. Kuhama meza hawezi, kwani betri ya ile simu ni mbovu na waya wa chaji ni mfupi. Basi ugali ukawa jiwe, migebuka ikakwama katika mafuta yaliyoganda, na bakuli likarudi nyumbani likiwa nusu, na duara la rangi ya machungwa limelizunguka ndani kama alama ya maji ya mafuriko.

Duara hilo Yunisi alilisoma kila jioni, hata siku moja uvumilivu ukamwishia, akalisimamisha bakuli mezani baina yao, akanena:

"Mume wangu, mimi ni binti wa Ilagala. Samaki hawa amewavua baba yangu, na mawese haya nimeyachuja kwa mikono yangu. Sikukudai kitenge, sikukudai kochi. Nadai bakuli tupu! Kila likirudi na duara hili nasikia kama nimepigwa kofi. Sasa sikiliza. Alhamisi mama anakuja, na Ijumaa atapika yeye. Ni chakula chake cha kwanza kwako tangu tuoane. Ukimrudishia mawese yaliyoganda, atasema binti yake ameolewa na mtu anayekinai chakula chetu. Atafunga mzigo wake, ataondoka na boti ya Jumamosi, na mimi sitakuwa na uso wa kumtazama."

Elikana akasimama, akaweka mkono kifuani. "Yunisi, binti wa wavuvi, sikia kiapo changu. Ijumaa bakuli hilo litarudi limefutwa hata ukingoni, ama mimi mwenyewe nisirudi!"

"Wewe rudi," akasema Yunisi. "Na bakuli nalo lirudi."

Kesho yake Elikana akaja kazini na uso wa mtu aliyeaga kwao. Happiness wa uhasibu, mwanamke mwenye maarifa mengi na kucha ndefu, akamhurumia. "Kaka Eli, mbona unajitesa? Kuna programu inajibu yenyewe. Unaiandikia maneno, ikiyaona inajibu. Dada yangu ana duka la vitenge pale Mwanga, anaitumia, mchana analala usingizi hadi anakoroma."

Msikie sasa jinsi shujaa alivyojivika silaha. Alikifuta kioo cha ile simu kwa pindo la shati. Akachomeka chaji, akaukandamiza waya kwa stepla usichezecheze. Akavuta kiti, akakunja mikono ya shati, akapuliza vidole. Kisha akaandika, na kila neno alilisema kwa sauti akiliandika: palipo na neno ufunguo, jibu ni msumarini nyuma ya mlango, palipo na neno boti, jibu ni saa ile ya ukutani, palipo na nenosiri, nenosiri, palipo na gari, gari liko njiani, kwa maana gari la wafanyakazi wakati wote liko njiani. Alipomaliza aliiweka simu mezani, akaiondolea mkono polepole.

Swali la kwanza lilitoka kwa Mzee Gasper.

Na Mzee Gasper ni nani? Ni Mlinzi wa Mageti ya Ghala, Mjuzi wa Kila Gunia, mtu mzima wa Kiha wa kale ambaye hamsalimii mtu bila kupiga makofi taratibu, akiulizia usingizi, watoto, mifugo na mvua, hata kama huna mifugo. Asubuhi ile aliandika kundini: "Mwakeye, kijana wangu Elikana. Umeamkaje? Za nyumbani? Nilikuwa naulizia ufunguo wa stoo uko wapi." Na kabla kidole cha mzee hakijatoka kwenye kioo, simu ya ofisi ikajibu: "Ufunguo uko msumarini, nyuma ya mlango."

Tulimwona kupitia dirisha akitoka ghalani. Alivuka uwanja akiwa amekasirika kuliko siku nyingine zote nilizomjua, lakini kwa kuwa ni mtu aliyelelewa, alimsalimia kila mpagazi aliyempita, kwa makofi, na kumsubiri aitikie. Kwa hiyo ghadhabu yake ilichukua muda mrefu kufika. Ilipofika, ilisimama mlangoni na kutusalimia wote kwanza.

"Elikana," akasema, "mimi nimekujulia hali. Nimekuuliza usingizi wako, nimekuuliza watu wa nyumbani kwako. Na wewe umenijibu nini? Msumari! Nimekukosea wapi, mwanangu, hata nikuulizie afya nawe unirushie msumari?"

"Shikamoo Mzee. Si mimi. Ni simu."

"Marahaba. Simu ni ya nani?"

Mama Verediana akatoka ofisini mwake, akasikiliza pande zote mbili kwa mikono kiunoni, akatoa hukumu: "Mtambo mzuri, sikatai. Lakini hapa ni Kigoma. Usiojua kusalimia hauwezi kukaa dawati la mbele. Uufundishe adabu, ama uuondoe."

Akaufundisha. Lo, jinsi alivyoufundisha! Siku nzima ya Alhamisi alikaa akiandika salamu. Mtambo ukiona "habari", "mwakeye", "hujambo", "umeamkaje" au neno lolote la kujuliana hali, uanze kwa "Shikamoo", kisha useme "Nzuri, tunashukuru," kisha, kama ilivyo desturi yetu isiyoruhusu mtu kupokea salamu asirudishe, uulize: "Habari za kwako? Za nyumbani? Za kazi?" Ndipo utoe jibu la ufunguo. Kwa kuwa mtambo haukuweza kujua nani mkubwa na nani mdogo, Elikana aliona heri uwaamkie wote. Petero, dereva wa boti, ambaye kwa umri ni mdogo wa Elikana, aliamkiwa jioni ile, akaitikia marahaba kwa sauti iliyosikika gatini, na tangu hapo akawa anaomba nenosiri asilolihitaji ili aamkiwe tu.

Mzee Gasper naye aliamkiwa, moyo wake ukapoa, akasamehe. Si kusamehe tu. Alipendezwa. Na Elikana, kwa kutaka kuimarisha amani, akamtumia maneno yote aliyoyaandika, yote kama yalivyo, amwonyeshe jinsi alivyojitahidi. Kumbukeni hili, enyi wasikilizaji, maana hapa ndipo mbegu ya vita ilipoangukia.

Ijumaa ikapambazuka. Mama mkwe, Bibi Bukeyeneza, alikuwa amewasili na boti ya jana yake akiwa na kapu la migebuka mibichi na dumu la mawese, na alikuwa jikoni tangu asubuhi, hataki kusaidiwa. Ofisini mashambulizi yalianza mapema. Ufunguo ukaulizwa. Mtambo ukaamkia, ukashukuru, ukaulizia nyumbani, ukajibu msumari. Boti ikaulizwa, ikajibiwa. Nenosiri likaulizwa na Petero, akaamkiwa. Elikana alikaa mikono imekunjwa, hajagusa kitu, na machozi ya furaha yalimlengalenga. Nilimwona. Sikuwahi kumwona mtu akipumzika kazini namna ile, nami nikamwonea wivu kwa moyo mweupe.

Saa ya chakula, bodaboda akaingia na bakuli. Lo, bakuli! Halikuwa lile la kila siku bali kubwa lake, lililofungwa kwa kanga mpya. Elikana akanawa kwa sabuni. Akafungua. Moshi ukapanda hadi kwenye kiyoyozi, harufu ikatembea meza kwa meza, na makarani waliokuwa wakijumlisha wakasahau walipofikia. Akakaa mkao wa kula. Akamega tonge, akalichovya, akatafuna macho yamefumba. Akamega la pili. Simu ilikuwa kimya.

Wakati huohuo, ng'ambo ya uwanja, Mzee Gasper alikuwa amemwomba Happiness amwekee programu ileile katika simu ya ghala, kwani naye alichoka kuulizwa magunia. Maneno ya kuandika? Anayo tayari, ametumiwa na Elikana. Happiness akayaweka kama yalivyo, akabadilisha neno moja tu: penye shikamoo akaweka marahaba, kwa kuwa mwenye simu ni mtu mzima. Na mzee, akiwa na shauku ya kuujaribu mtambo wake mpya, akaandika kundini kwa kidole chake mwenyewe: "Habari za mchana?"

Simu ya ofisi ikalia: "Shikamoo. Nzuri, tunashukuru. Habari za kwako? Za nyumbani? Za kazi?"

Simu ya ghala ikaona neno habari. Ikaitikia: "Marahaba. Nzuri, tunashukuru. Habari za kwako? Za nyumbani? Za kazi?"

Simu ya ofisi ikaulizwa hali. Ingewezaje kunyamaza? Ikasema shikamoo, nzuri, tunashukuru, za kwako? Ya ghala ikasema marahaba, nzuri, tunashukuru, za kwako? Na kwa kuwa kundi lilikuwa la wote, kila simu mfukoni mwa kila mtu, mezani, gatini, juu ya matumbo ya wapagazi waliojilaza kivulini, ikaanza kulia bila kikomo. Shikamoo! Marahaba! Za nyumbani? Za nyumbani? Kule botini Petero alipoteza ujumbe wa nahodha chini ya lundo la heshima. Mama Verediana, aliyekuwa akizungumza na wateja wawili kutoka Bujumbura, alitoka mbio simu yake ikitetemeka mkononi.

"Zizimeni!" akapiga kelele. "Zizimeni zote mbili!"

Elikana akanyoosha mkono wake wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umelowa mawese hadi kifundoni. Lakini kabla hajafika, Mzee Gasper alikuwa mlangoni, ameshika simu ya ghala mikononi.

"Kwa heshima zote, Mama Meneja," akasema, "kijana huyu anataka kuzima simu wakati mimi nimemuuliza za nyumbani. Tangu lini mdogo akakata salamu ya mkubwa, tena mbele ya kampuni nzima?"

"Basi zima wewe, Mzee!"

"Mimi nimeamkiwa. Mtu akikuamkia unamgeuzia kisogo?"

Tukatazamana. Hakika alikuwa na haki, na hilo ndilo lililotutisha. Kuzima upande huu ilikuwa kumvunjia mzee heshima. Kuzima upande ule ilikuwa kukataa shikamoo. Wateja wa Bujumbura walichungulia, mmoja akatikisa kichwa kukubaliana na mzee. Simu ya ofisi ilianza kupata moto, na ikaendelea kuuliza za nyumbani.

Na bakuli, ndugu zangu, bakuli! Kiyoyozi kiliendelea kupuliza. Kwenye ukingo, pale mawese yanapokutana na bati, utando mwembamba ulikuwa umeanza kujitokeza. Elikana aliuona. Aliona pia, nyuma ya utando huo, uso wa mama mkwe akifunga mzigo, na Yunisi amesimama kando asijue la kumwambia mama yake.

Tulikuwa tumemzunguka sote, tumesimama juu ya chakula chake kwa kelele na mabishano, na Mzee Gasper akiwa katikati ya hotuba kuhusu vijana wa siku hizi na namna walivyoacha kupiga makofi. Na Elikana, pasipo kufikiri, kwa malezi tu, akafanya afanyalo kila mtu wa kwetu anapokutwa na watu akiwa mezani. Akainua uso akasema:

"Karibuni, nakula."

"Asante," tukasema sote kwa pamoja. Na Mzee Gasper akanyamaza katikati ya sentensi.

Akanyamaza! Mtu ambaye mvua haijawahi kumkatiza! Elikana akamtazama. Akatazama bakuli. Akatazama simu. Nami niliyekuwa karibu niliona wazo likimwingia. Kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole pekee kilichobaki kisafi na kisichotumika kwa jambo lolote tangu azaliwe, akafungua programu, akafuta salamu zote na majibu yote, msumari na boti na nenosiri, akaandika jibu moja kwa kila ujumbe utakaokuja, uwe unauliza nini: "Karibu, nakula."

Simu ya ghala ikauliza za kwako, za nyumbani, za kazi. Simu ya ofisi ikajibu: "Karibu, nakula."

Tukasubiri. Simu ya ghala ilitafuta habari, haikuona. Ilitafuta hujambo, haikuona. Haikuwa na neno la kurudisha. Kioo chake kikazimika, ikalala mikononi mwa mzee. Kimya kikatanda ofisini hata tukasikia mawimbi yakigonga gati, na mtu mmoja mbali akiita punda.

"Salamu imekwisha kwa heshima," akatangaza Mzee Gasper. "Hakuna aliyekatizwa. Mwanangu Elikana, umelelewa."

Tukampigia makofi, na Mama Verediana akampigia pia. Elikana akageukia bakuli, utando ukiwa bado mwembamba, joto bado lipo, ushindi uko mikononi. Akamega tonge. Na Mzee Gasper akaenda pembeni, akakunja mikono ya shati, akaanza kunawa.

"Mzee," akasema Elikana taratibu, "ile ilikuwa ni..."

"Nimekaribishwa," akasema mzee, akivuta kiti. "Kwa mdomo na kwa maandishi."

Na hapo, wasikilizaji wangu, ndipo wimbi la pili lilipopiga. Petero aliandika kutoka gatini akiulizia saa ya boti, akajibiwa: "Karibu, nakula." Akaacha boti, akaja. Mpagazi aliulizia ufunguo, akakaribishwa, akaja na mwenzake. Happiness hakuuliza chochote, lakini alituma alama ya kucheka, na alama ya kucheka nayo ni ujumbe. Akakaribishwa, akaja kucha zikiwa juu. Mama Verediana, aliyekwisha kurudi kwa wageni wake, aliandika: "Elikana, mmezima?" Akasoma jibu, akawageukia wageni akasema tumealikwa, na kukataa si vizuri. Wakaja wote watatu. Kila aliyefika alisema asante, kila aliyesema asante alinawa. Mikono ilizunguka bakuli kutoka pande zote, na hapakuwa na simu iliyolia, kwa maana waliokuwa wakiuliza walikuwa wamejaza vinywa. Mimi mwandishi nilipata kichwa cha mgebuka, na kilikuwa kitamu.

Elikana alipata matonge yale aliyoyapata mwanzo, na moja la katikati ambalo Mzee Gasper alimpisha. Kisha mkono wake uligusa bati. Mgeni wa Bujumbura alifuta ukingo kwa kipande cha mwisho cha ugali, akazungusha, akala. Bakuli likang'aa. Ungeweza kunyolea ndevu mbele yake.

Yaliyofuata nyumbani sikuyaona, ila Elikana alinisimulia mwenyewe Jumatatu asubuhi, akila mandazi yangu. Alipoingia, Yunisi alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akafungua kanga, akatazama ndani. Hapakuwa na duara. Akaupitisha mkono ukingoni, ukatoka mkavu. Akampa mama yake. Bibi Bukeyeneza akalipeleka bakuli mlangoni kwenye mwanga, akaligeuza huku na huku, kisha akalikumbatia kifuani.

"Yemwe! Amelamba lote!" akasema. "Mimi nilipika la watu wengi nikijua litabaki. Huyu si mtu wa kukinai chakula chetu. Huyu ni wetu. Ego, ndiyo, ni wetu kabisa." Akamgeukia mkwewe, macho yamelowa. "Umeshiba, baba?"

Tumbo la Elikana lilinguruma kwa sauti ambayo, kwa maneno yake, ilikuwa karibu kumtia aibu. Alikuwa na njaa ya kuanguka. Jikoni chungu kilikuwa kimeoshwa na kupinduliwa, kwa kuwa nani angempikia tena mtu aliyekula lote lile? Akamtazama Yunisi, na Yunisi alikuwa anatabasamu namna ambayo hakuwa ametabasamu tangu harusini.

"Nimeshiba, mama," akasema shujaa. "Nimeshiba sana."

Akalala na njaa, na anasema hajawahi kulala vizuri hivyo. Boti ya Jumamosi iliondoka bila mama mkwe. Alikuwa ameahirisha safari, na alikuwa ametuma salamu Ilagala aletewe kapu jingine la migebuka, ili Jumatatu ampelekee mkwe wake bakuli lililo kubwa zaidi. Nayo Jumatatu, ilipokaribia saa ya chakula, watu wa ofisi na wa ghala, bila kuambizana, walianza kuuliza maswali kwa wingi usio wa kawaida.

Hii ndiyo historia ya Elikana mwana wa Nehemia, naye aishi miaka mingi. Ujiji ina jiwe lake. Sisi hatuna jiwe, lakini nilichukua chaki nikaandika nyuma ya mlango wa ofisi, chini kidogo ya ule msumari wa ufunguo, kwa herufi zisizoweza kumpita mtu: HAPA SIMU MBILI ZILISALIMIANA, NA BAKULI LIKARUDI TUPU. Nikarudi nyuma nikaitazama kazi yangu, na nilijivunia.

Kesho yake nikakuta mtu ameandika chini yake, kwa chaki ileile: Samahani, ufunguo wa stoo uko wapi?